Upimaji wa Umeme katika Injini Ndogo



Maneno yangu leo ni juu ya betri ya pikipiki, na ya injini nyingine ndogo za volti 12. Mara nyingi betri ikifa, mwenyewe hununua nyingine. Na baada ya siku chache ile mpya nayo hufa. Hulilaumu duka, kumbe ugonjwa haumo katika betri, bali katika umeme uliopaswa kuijaza. Basi na apime kwanza, ndipo atoe fedha. Pikipiki hizi huchukua wagonjwa usiku; taa ikizimika njiani, si fedha tu zinazopotea.

Kwanza, injini ikiwa imelala usiku kucha, chukueni mita ya umeme, iwekeni kwenye volti za mkondo mnyoofu, mguse vichwa viwili vya betri. Iliyojaa huonyesha volti 12.6 au kuzidi kidogo. Ikionyesha 12 tu, haina nguvu, ijazeni kwanza.

Pili, washeni injini, mwongeze mwendo kiasi, mpime tena. Volti zikifika kati ya 13.5 na 14.5, umeme unaingia. Basi betri yenyewe ndiyo ya kushukiwa. Zisipopanda, umeme haufiki. Zikizidi 15, umeme umepita kiasi, nao utaiharibu betri.

Tatu, umeme usipofika, tazameni fyuzi, kutu katika vichwa vya betri, na waya uliofungwa kwenye chuma cha injini. Waya uliolegea huwatia watu hasara bure.

Nne, nyaya zikiwa nzima, zimeni injini, mchomoe nyaya zitokazo kwenye koili ya kuchaji. Iwekeni mita kwenye mkondo geu, mwashe injini, mpime nyaya hizo. Volti zikizidi kadiri mwendo unavyozidi, koili haina kosa. Mshukuni rektifaya, yaani kile kifaa kinachonyoosha umeme na kuuwekea mpaka. Volti zisipoonekana, kosa li katika koili.

Angalieni mambo mawili. Msiichomoe betri injini ikienda, maana volti huruka ghafula zikaunguza vifaa. Wala msilete moto karibu na betri, kwa kuwa hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Mganga mwema hapi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Nasi tusinunue kabla ya kupima. Nimekoma hapo.