Haki ya Mtu Aliyekamatwa



Tangu 1910 hata 1984 Ngome ya Lamu ilikuwa gereza, na mtoto apitaye mlangoni alimdhania kila aliyemo kuwa mwovu. Sheria haimdhanii hivyo mtu asiyehukumiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yamhesabu mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye kushtaki.

Kifungu cha 49 chataka afikishwe mahakamani mapema, wala si baada ya saa 24. Zikiisha mahakama imefungwa, basi siku ya mahakama ifuatayo. Sisi watu wa visiwa yatupasa kulishika hili. Mtu akikamatwa Kizingitini akapelekwa Lamu kwa hakimu, bahari imo njiani, na kusi ikivuma mashua huchelewa. Lakini Katiba haikuandika udhuru wa bahari. Jamaa na waulize upesi: amekamatwa saa ngapi, kwa kosa gani? Mwenyewe ana haki ya kunyamaza, na ya dhamana isipokuwa pana sababu nzito.

Wengine hukimbilia kwa Kadhi. Kifungu cha 170 champa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu walioridhia hukumu yake. Wizi na mapigano ni ya hakimu.