Kipimo Kabla ya Mashine: Mazungumzo na Mafundi wa Mbao wa Awasi



Mazungumzo haya yanamhusu fundi wa mbao mwenye karakana nyumbani. Ana kibanda cha mabati kando ya nyumba, meza moja ya kazi, misumeno miwili na randa, na vitanda vimesimamishwa nje ili wasafiri wa barabara ya Kisumu kwenda Kericho wavione. Fundi huyu akipata pesa kidogo za kuboresha kazi, swali huwa moja: anunue nini? Wengi hujibu bila kusita kwamba anunue mashine. Anataka randa ya umeme, au msumeno wa meza, au ile mashine inayoundwa na mafundi wa jua kali, ya kukata na kupiga randa kwa mota moja.

Jibu hilo si baya, ila mara nyingi huja mapema mno. Mashine huongeza kasi, lakini haiwezi kusahihisha mstari uliochorwa vibaya. Fundi mwenye skwea iliyopotoka huharibu mlango mmoja kwa siku mbili. Akipata mashine na skwea ikabaki ile ile, ataharibu mitatu kwa siku moja, na mbao zote zimelipiwa na yeye. Tangu serikali ya kitaifa isimamishe ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, kila fundi anajua jinsi bei ya mbao ilivyomsumbua. Ubao uliokatwa mfupi kwa sentimita moja haurefushwi tena.

Wapo watakaotaja methali ya mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwamba fundi hodari hufanya kazi nzuri kwa vifaa vichache. Lakini methali hiyo haikusema mkulima atumie jembe lililopinda.

Kazi ya kwanza basi haina gharama yoyote. Fundi achukue ubao wenye ukingo ulionyooka, aegemeze skwea kwenye ukingo huo na kuchora mstari kwa penseli kali. Kisha aigeuze skwea upande wa pili na kuchora mstari mwingine kuanzia pale pale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, skwea imepotoka, na kosa lake halisi ni nusu ya nafasi iliyo kati ya mistari hiyo. Skwea inayokosea milimita 1 katika sentimita 20 huonekana nzima machoni, lakini katika mlango wa mita 2 kosa hilo hufika sentimita 1. Ndiyo maana mlango mwingine husugua fremu juu na kuacha mwanya chini, kisha bawaba zikalaumiwa.

Asiye na skwea ya kuaminika anaweza kujitengenezea pembe kwa kamba na misumari. Apime sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa sentimita 100 kamili, pembe imekaa sawa. Waashi hutumia hesabu hiyo hiyo wanapochora msingi wa nyumba.

Tepu ya kupimia nayo ina siri yake. Ile ndoano ya mbele imelegea kwa makusudi. Inasogea kiasi kinacholingana na unene wake, ili kipimo kiwe sawa fundi anapoivuta kwa nje na anapoisukuma ndani ya fremu. Vijana wengi huigonga kwa nyundo ili isicheze, wakidhani imeharibika. Baada ya hapo kila kipimo cha ndani au cha nje kitakuwa na kosa la karibu milimita moja. Kwa kazi moja ni afadhali kutumia tepu moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa vipande vinavyofanana kuachana na tepu kabisa. Fundi aweke alama zote kwenye kijiti kimoja, kisha apimie miguu yote minne ya meza kwa kijiti hicho.

Kuna pia suala la inchi na milimita. Mbao huuzwa kwa inchi na futi, na kitanda huitwa tano kwa sita, ilhali michoro ya wasanifu na ya zabuni huandikwa kwa milimita. Inchi 1 ni milimita 25.4. Anayehesabu kwa 25 ili kurahisisha mambo atakosea karibu sentimita 3 katika futi 6. Kwa kitanda, dawa ni kupima godoro lenyewe.

Baada ya vipimo ni makali. Patasi butu haifuati mstari, hufuata nyuzi za mbao. Fundi anapoisukuma kwa nguvu, huteleza na kumkata mkono. Jiwe zuri la kunolea, pamoja na kioo kinene kilichobandikwa msasa wa maji wa kusawazishia mgongo wa patasi, ni bei ndogo sana ukilinganisha na mashine yoyote. Makali ya nyuzi 25, yakimaliziwa kwa nyuzi 30 kwenye ncha, yanatosha kazi nyingi. Msumeno wa mkono nao unolewe kwa tupa ya pembe tatu mara kwa mara, badala ya kusubiri mpaka uanze kuchoma mbao. Na kabla ya mashine, klampu. Kiungo kilichopakwa gundi kisha kikashikiliwa kwa misumari tu hukauka kikiwa kimeinama.

Sasa suala ambalo kwa Awasi ni zito kuliko yote hayo, nalo ni maji ndani ya mbao. Saipresi na mkaratusi kutoka nyanda za juu mara nyingi hufika sokoni zikiwa bado mbichi. Fundi hupima vizuri, hukata vizuri, na meza hutoka imenyooka. Baada ya miezi miwili chini ya mabati yenye joto, mteja hurudi akilalamika kwamba imepasuka katikati. Mkono wa fundi haukukosea. Ubao unapokauka hupungua sana kwa upana, lakini urefu wake hubaki karibu vile vile, na kama umefungwa kwa misumari pande zote hauna pa kwenda ila kupasuka. Msimu wa mvua ukirudi, ubao huo huo hufura, na droo zikakwama.

Kupima unyevu si lazima kuwe na kifaa cha bei. Akate kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitamdanganya. Akipime kwa mizani ndogo ya dijitali, kisha akikaushe polepole karibu na jiko bila kukiunguza, akikipima tena na tena mpaka uzito usipungue. Kikianza na gramu 260 na kuishia gramu 200, maji yalikuwa gramu 60, yaani asilimia 30 ya uzito mkavu. Ubao huo haufai fanicha. Asilimia 12 hadi 15 inafaa kwa vitu vya ndani ya nyumba.

Ubao mbichi upangwe kivulini, uinuliwe kutoka ardhini, na uwekewe vijiti vyembamba kila baada ya nusu mita ili hewa ipite. Ncha zipakwe rangi. Katika tambarare za Kano kuinua mbao ni jambo la lazima kwa sababu nyingine pia: mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia hadi majumbani Nyando. Na hata ubao mkavu uachiwe nafasi ya kupumua. Kidirisha cha mlango kikae ndani ya mfereji bila gundi, na uso wa meza ufungwe kwa skrubu zenye matundu marefu kidogo.

Fundi aliyefika hapo anaweza kuanza kuitazama mashine. Kabla ya kulipa, aulize umeme wake. Nyumbani umeme ni volti 240 wa fezi moja, lakini mashine nyingi kuukuu za viwandani zinataka fezi tatu, na zile za Marekani mara nyingi zinataka volti 120. Waya mrefu mwembamba wa kuazima umeme kutoka nyumba kubwa hupunguza nguvu na kuunguza mota. Akifunga mashine, aweke msumeno sambamba na reli yake ya kuongozea, maana usipokuwa hivyo unaweza kuushika ubao na kuurusha nyuma kumwelekea fundi. Kinga ya msumeno isitolewe. Watoto wakae mbali, kwa sababu ya vidole na pia vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1995. Barakoa na mlango wazi si mapambo.

Mwenye ujuzi wa miaka mingi bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la III hadi la I. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Mteja asiye fundi naye ana kipimo chake. Achukue kamba isiyonyumbuka, aivute kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, aweke alama, kisha apime pembe zile nyingine mbili. Katika mlango wa sentimita 80 kwa 200 kila upande utoe karibu sentimita 215.4. Vipimo viwili vikitofautiana kwa milimita 7, mlango umeinama karibu sentimita 1. Aulize kabla ya kulipa salio.