Mandhari Kama Chimbuko la Taashira: Ukurasa wa Kwanza wa The River Between



Niliombwa nizungumzie mandhari na taashira katika riwaya. Fasili mnazo, walimu wenzangu: mandhari ni mahali, wakati na hali ya maisha ambamo matukio hutendeka, taashira ni kitu kinachobeba maana iliyo pana kuliko chenyewe. Mmezifundisha miaka mingi, kwa hivyo sitakawia hapo. Muda niliopewa nitautumia kwa ukurasa mmoja, ule unaofungua The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya iliyotoka mwaka 1965 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda.

Ukurasa huo hauna mhusika anayesema neno. Kuna migongo miwili ya vilima, Kameno na Makuyu. Kati yake bonde, na bondeni Mto Honia ambao haukauki hata kiangazi kikali. Kwa mbali migongo ile ni kama simba waliolala usingizi wa amani. Shuka bondeni uitazame tena: simba hawapo, wamebaki mahasimu wawili wanaotunishiana kifua. Vilima havijasogea hata hatua moja. Aliyesogea ni mtazamaji.

Kinachonikera ni kwamba darasani ukurasa huu husomwa kwa orodha. Mto ni uhai, nuru ni elimu, giza ni ujinga, mlima ni ukuu. Orodha hizi zimo katika vijitabu vya miongozo, na mwanafunzi huzikariri kabla hajafungua riwaya yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtihani wa majaribio wa shule kadhaa, nilisahihisha karatasi ya msichana aliyeandika kwamba Honia ni uhai kwa anayeutazama kutoka juu, lakini ni mpaka kwa anayeishi ukingoni. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na neno moja tu, "uhai". Alipata alama moja kati ya nne. Nililalamika, nikaambiwa tusivuruge usawa wa usahihishaji. Usawa ni jambo la lazima, nami siupingi. Lakini yule msichana alikuwa amesoma, na tulimwadhibu kwa kusoma.

Angalieni riwaya inavyomuunga mkono. Ni pale mtoni, wakiteka maji, Muthoni anapomwambia dada yake Nyambura kwamba anataka kutahiriwa, ilhali baba yao Joshua ni mhubiri anayelaani mila hiyo. Ni kando ya mto huo huo Waiyaki, mhusika mkuu, anapotahiriwa na damu yake kunywewa na ardhi. Giza linaposhuka mwishoni, mto bado unatiririka. Maji yale yale yanawakutanisha watu na kuwatenga. Ukichagua neno moja kutoka kwenye orodha, nusu ya riwaya imekuponyoka.

Mandhari yenyewe tunaipita haraka mno. "Mandhari ni ya kijijini," mwanafunzi huandika, kisha anahamia swali lingine. Migongo ya aina hii ipo. Inateremka kutoka milima ya Nyandarua, na mito kama Mathioya na Maragua imeikata kwa mabonde marefu. Unaona moshi wa jikoni kwa jirani ng'ambo, pengine ukiita atakusikia, lakini kufika kwake sharti ushuke hadi majini na kupanda tena. Hivyo ndivyo watu wanavyoweza kuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa Lamu hajawahi kuishi katika umbo hilo la nchi. Asipochorewa, atakariri tu.

Kuna pia wakati. Mwaka 1929 baadhi ya misheni ziliwataka waumini wa Kikuyu waikane tohara ya wasichana; wengi walihama makanisa hayo, na shule huru zikaenea. Bila habari hiyo Muthoni huonekana mkaidi tu.

Walimu wa Kiswahili wana hazina ambayo hawaitumii: undugu wa Kiswahili na Kikuyu. Kikuyu huita mgongo wa kilima rũgongo, na jina Honia ni neno letu "ponya" lililovaa sauti nyingine. Hapo mwanafunzi anaisikia maana kabla ya kuelezwa. Jina Njia Panda, kwa upande wake, lina uzuri wake, ila limeuondoa mto. Njia panda humdai msafiri achague, na Waiyaki anaangamia kwa kuwa alitaka kuishi na pande zote mbili, kama mto unavyofanya. Je, jina hilo linaifaa riwaya? Swali hilo peke yake linatosha kipindi kizima.

Napendekeza, basi, ukurasa wa kwanza uchorwe ubaoni kabla ya taashira yoyote kutajwa. Mwalimu aulize kwanza: msimulizi amesimama wapi? Kijitabu cha mwongozo kisiingie darasani mpaka riwaya imesomwa yote. Mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wakae pamoja angalau mara moja kwa muhula juu ya kitabu hiki. Watungaji wa mitihani, ambao najua wanafanya kazi chini ya shinikizo kubwa, wampe mwanafunzi dondoo mbele ya macho yake badala ya kumtaka akumbuke. Narudia kuhusu uchoraji, maana ndio unaopuuzwa zaidi: chaki mbili za rangi zinatosha.

Na mwongozo wa kusahihisha uruhusu jibu lolote lenye ushahidi wa maandishi, alama zigawanywe kati ya dai na sababu, si kwa neno. Nimeliomba hili katika vikao vingine. Naliomba tena leo, liingizwe katika kumbukumbu za kikao kabla karatasi za muhula ujao hazijaanza kutungwa.