Mgongo unaouma: tusingoje mpaka miguu ife
(Maneno ya kamati ya afya kwenye mkutano wa wanachama)



Leo tunasema juu ya kifua kikuu cha mgongo. Ndiyo, ugonjwa huu haukai kwenye mapafu tu. Unaingia pia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, unaila pole pole, usaha unajikusanya, na mwisho unabana ugwe ulio ndani, ile kamba inayopeleka nguvu miguuni.

Mgonjwa analia mgongo mwezi, miezi miwili. Anakonda, anatoka jasho usiku, kisha kinundu kinatokea. Sisi tunasema amelogwa, tunamchanja chale. Miguu ikikufa, ndipo tunakimbia kuchanga makuta ya operesheni.

Hapo tuelewane. Operesheni inasaidia: munganga anatoa usaha na mfupa uliooza, ugwe unapata nafasi, pengine anafunga na vyuma ili mgongo usimame. Lakini kisu peke yake hakiponyeshi. Vijidudu vinauawa na vidonge, miezi 9 mpaka 12, bila kuruka siku. Wengi wanaowahi vidonge hawafikii kisu. Kisu ni cha yule ambaye miguu inazidi kulegea ao mgongo hausimami tena. Na miguu ikiisha kufa muda mrefu, hakuna munganga wa kuahidi kwamba itaamka.

Vidonge ni vya bure. Kinachotushinda ni njia, picha ya mgongo, na chakula cha miezi yote ile. Kule kambini kituo cha afya kilikuwa karibu. Huku tuliporudi, wengine wanatembea siku nzima.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mfuko wetu ulipe safari ya kwanza ya kila mtu anayeumwa mgongo zaidi ya wiki tatu, hasa akikonda ao akiwa na homa. Pili, anayelegea miguu ao kushindwa kukojoa apelekwe siku ile ile, amelala kwenye kipoyi, si juu ya pikipiki. Tatu, jirani mmoja amwangalie akimeza vidonge.

Wafadhili wetu, tunajua operesheni inagusa moyo kuliko nauli. Lakini mara nyingi nauli ndiyo inayookoa miguu.

Wanaokubali wanyooshe mikono.