Mashine ya Dhahabu na Bega la Mfanyakazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Homa Bay)



Tumepewa nafasi fupi jioni hii, nasi hatutaki kuimaliza kwa salamu. Tumekuja kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni bega la mtu anayepunga mashine ya kutafutia dhahabu, ile ambayo vijana huiita deteta.

Pengine mtu atauliza, kwa nini tuzungumze habari za dhahabu hapa Homa Bay, mahali pa samaki na mashua? Ndugu, barabara ya Rongo ni ya wote. Vijana wa huku huondoka kwenda Migori, wakaingia Macalder na sehemu nyingine za Nyatike kutafuta riziki. Pale Macalder palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu, nao ulifungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, lakini dhahabu haikuondoka yote, na mpaka leo wananchi wanaichimba kwa sururu na nyundo. Siku hizi yuko pia mwenye mashine yake, asiyeitumia mwenyewe ila humwajiri kijana aipunge, kisha wakagawana kinachopatikana. Kijana huyo ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, hata kama hana karatasi ya kazi mfukoni.

Mwenzetu mmoja alifanya kazi hiyo miezi minne. Mwezi wa tano alishindwa kuinua mkono wa kulia mpaka kichwani, hata shati akawa anavalishwa na mkewe. Alipokwenda kumweleza mwenye mashine, alijibiwa kwamba mashine ni nyepesi, mtoto anaweza kuibeba, na kwamba maumivu hayo ni uvivu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi.

Basi tuupime mzigo huo kwa hesabu, tusibishane kwa maneno.

Mtu akiipunga mashine mara moja kila sekunde 4, hizo ni mara 15 kwa dakika, na mara 900 kwa saa. Akifanya kazi saa 6, ameipunga mara 5,400. Hata kikombe cha chai kingechosha mkono ukikipunga mara 5,400 tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa tuangalie uzito wenyewe. Mashine hii ni fimbo ndefu. Chini mbele pana sahani inayosikia madini. Katikati pana kishikio. Nyuma pana kikombe ambamo mkono hulala, karibu na kiwiko. Tuseme sahani ina gramu 700, nayo iko sentimita 90 mbele ya kiganja, na kikombe kiko sentimita 30 nyuma ya kiganja. Tisini ni mara tatu ya thelathini. Kwa hiyo, ili sahani isianguke, mkono hauna budi kukandamiza kikombe kwa nguvu ya gramu 2,100, na kiganja kinabeba zote mbili, zile 700 na zile 2,100. Jumla ni gramu 2,800, kabla hatujahesabu fimbo na betri. Mwenye mashine ameweka sahani mezani akaiona nusu kilo na kitu. Mfanyakazi amebeba karibu kilo 3.

Wavuvi wa hapa wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Shika kasia katikati, ni jepesi. Lishike mwishoni kabisa na ulinyanyue, utaona limekuwa zito, ingawa ni lile lile.

Katika hesabu hiyo tunapata somo la kwanza. Kila gramu 100 unayoiondoa mbele inakipunguzia kiganja gramu 400. Mahali penye dhahabu ndogo karibu na uso wa ardhi, hakuna haja ya kubeba sahani kubwa kupita kiasi. Sahani ndogo ni nyepesi, tena husikia vipande vidogo vizuri zaidi. Sahani kubwa tuiweke kwa kazi ya kutafuta kina. Na matope yanayoganda chini ya sahani yafutwe kila mara, maana nayo ni mzigo, na umekaa mahali pabaya kuliko pote.

Somo la pili ni betri. Ikiwezekana, betri isikae kwenye fimbo, bali ivaliwe kiunoni au mgongoni, na waya uje kwenye mashine. Hili si jambo geni. Katika vita vya pili vya dunia, afisa wa Kipolandi jina lake Józef Kosacki alitengeneza mashine ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa ardhini, nayo ilitumiwa katika mapigano ya El Alamein mwaka 1942. Vyombo vyake vyote vilikaribia kilo 14, na askari hakuvishika vyote mkononi, vingine vilikaa mgongoni. Katika mashine za siku zetu, ile iitwayo Minelab GPX 5000 ina kama kilo 2.4, na betri yake huvaliwa mgongoni. Waliotengeneza walijua kwamba mgongo ni wenye nguvu kuliko kifundo cha mkono.

Wako wanaofunga jiwe au chuma nyuma ya kikombe ili mashine ilingane. Tunawaonya. Ukifunga uzito pale pale kwenye kikombe, mkono unapumzika kukandamiza, lakini kiganja kinabeba gramu zile zile, na wakati wa kupunga una kitu kizito zaidi cha kusukuma na kusimamisha. Kuondoa uzito ni bora kuliko kuuongeza.

Somo la tatu ndilo kubwa, nalo ni mkanda. Chukua mkanda mpana wa begi la zamani, upite juu ya bega na mgongoni, ukashikane na mshipi wa kiunoni ili nyonga zisaidie kubeba. Mbele ya bega ning'iniza mpira, nao ushike fimbo mbele kidogo ya kishikio. Asiye na mpira wa dukani akate vipande vya tyubu ya baiskeli. Mpira ukivuta kilo 2 kwenda juu, kiganja kilichokuwa na kilo 2.8 kinabaki na gramu 800 tu. Kazi ya mkono sasa ni kuongoza, si kubeba. Urefu wa mpira upimwe hivi: simama wima, mkono ukiwa katika kikombe, legeza vidole. Sahani ikae juu ya ardhi kiasi cha vidole viwili au vitatu. Ikianguka, fupisha mpira. Ikipanda, ulegeze.

Mambo mawili yasisahauliwe hapo. Kwanza, kulabu au pete ya chuma isikaribie sahani, maana mashine itaipigia kelele siku nzima. Tumia kamba au plastiki. Pili, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Migori ina mashimo mengi ya zamani yaliyoachwa wazi, na mtu mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni haisikii sauti ya mwenzake anayemwonya. Akiteleza, lazima aweze kuiachia mashine mara moja. Mashine hununuliwa tena.

Somo la nne ni vipimo vya mwili. Tumeona kijana mrefu akipewa mashine iliyopimwa kwa mtu mfupi, akainama siku nzima kama anayepanda mahindi. Fimbo irefushwe mpaka mtu asimame wima, bega limeshuka, kiwiko kimekunjwa kidogo. Kikombe kiushike mkono chini kidogo ya kiwiko, kisigonge mfupa, na ndani kiwekewe sponji au kipande cha blanketi. Kishikio kikiteleza kwa jasho, mtu hukibana kwa nguvu, na kubana huko ndiko kunakochosha mkono mpaka kiwiko. Kizungushiwe mpira wa tyubu, kisha kishikwe kwa upole.

Somo la tano ni namna ya kupunga. Usitumie kifundo cha mkono, wala usiitupe mashine kama anayefyeka majani. Geuza kiuno, miguu ikiwa imeachana kidogo, na mkono ufuate. Upana wa mita moja unatosha. Nenda polepole, kila mpito ufunike sehemu ya mpito uliotangulia. Sururu isibebwe mkononi, ifungwe kiunoni upande wa pili. Na kila baada ya dakika 20 au 30, badili mkono, au mpe mwenzako mashine nawe ushike sururu.

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Mwenye mashine atasema, haya yote ni starehe, nami nalipia kazi. Ndugu, tumjibu kwa lugha anayoifahamu, lugha ya dhahabu. Mkono uliochoka hufanya nini? Huharakisha ili umalize. Tena hunyanyua sahani kila inapofika kushoto na kila inapofika kulia, kama pendulumu ya saa. Sahani ikipanda sentimita 10 juu ya ardhi, zile sentimita 10 zimetolewa katika kina chake. Kipande kidogo kilicho chini hakisikiki tena, na mtu amepita juu yake. Mwenye bega zima huipitisha sahani chini, sawasawa, polepole, tangu asubuhi mpaka jioni. Yeye ndiye anayesikia sauti ile ndogo ambayo mwingine ameiruka. Mashine hii haishiki unga mwembamba wa dhahabu, hushika vipande, na vipande si vingi. Kila kinachorukwa ni hasara ya wote wawili, mwenye mashine na mwenye mkono.

Lakini hata kama isingeongeza dhahabu hata chembe, bado tungedai. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri afanye vyombo na kazi vilingane na mfanyakazi na uwezo wake. Haikusema mfanyakazi akunjwe mpaka alingane na chombo. Na iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, kwa anayeumia au kupata ugonjwa kwa sababu ya kazi yake. Wengi wetu hatuzitumii kwa sababu tunakubaliana kwa mdomo, chini ya mti, bila shahidi. Bega la mtu halivunjiki siku moja kama mguu. Huliwa kidogo kidogo, na siku linaposhindwa, mwenye mashine anasema hakuona ajali yoyote. Kwa hiyo maumivu yanapoanza, yasemwe siku hiyo hiyo, mbele ya mtu wa pili, na yaandikwe pamoja na tarehe. Anayeweza aende zahanati, na karatasi aliyopewa aitunze.

Tunapendekeza, basi, mambo manne, na tunaomba mkutano huu uyakubali. La kwanza, mtu asikubali kupunga mashine kabla hawajapatana na mwenye mashine juu ya mkanda, na mkanda uwe juu ya mwenye mashine, usikatwe katika fungu la mfanyakazi. La pili, kila mashine iwe na watu wawili wa kupokezana, wala pasiwe na mtu wa kupunga peke yake kutwa. La tatu, patano liandikwe, hata kama ni katika ukurasa wa daftari la shule, na kila upande ubaki na nakala. La nne, wanachama wanaojua kushona mikanda wawafundishe wenzao. Kazi hiyo haitaki kiwanda, inataka sindano nene, uzi wa nailoni, na saa moja ya Jumapili.

Ndugu, wakata miwa wa Awendo wanajua panga lenye mpini mbaya linavyomaliza mtu. Wavuvi wanajua kasia lisilolingana. Mama anayelima anajua jembe la mpini mfupi, na jinsi mgongo unavyolia usiku. Hakuna aliyewaita wavivu walipotengeneza mpini mpya. Kamba hukatikia pembamba, na katika kazi hii mahali pembamba ni bega. Tulitie nguvu kabla halijakatika.

Yule mwenzetu tuliyemtaja yuko hapa leo, ameketi nyuma. Amerudi kazini, kwa mkono wa kushoto, na mkanda alioushona mwenyewe kwa begi la mtoto wake la shule. Baada ya mkutano ataufungua mbele yenu muuone ulivyoshonwa. Njooni mbele, muuguse, muupime, na anayetaka apige picha ya mishono.