Pasaka Ile Stima Ilipopotea

Katika miaka hii 25 ya kwaya yetu, hatujasahau Pasaka ile stima ilipopotea katikati ya ubeti wa pili. Kinanda kikanyamaza, nasi tukaumbuka. Kumbe sisi wa besi hatukuijua sauti yetu. Siku zote tulikuwa tumejificha nyuma ya kinanda. Wimbo ukafa mbele ya kanisa zima. Mama mmoja wa viti vya nyuma, wala hakuwa mwanakwaya, akauanzisha upya, chini kuliko tulivyozoea, tukamfuata. Tangu hapo, kila Alhamisi kinanda hakiwashwi mpaka kila sauti isimame yenyewe. Mama huyo sasa yuko alto. Kitabu cha nyimbo hukisahau nyumbani, na hatumsemi.