SWALI LA MWANAFUNZI NI MLANGO WA ELIMU

(Maneno haya yalisemwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa walimu wa shule za msingi. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wote, walimu na wazazi pia.)



 Mimi si mwalimu, ni karani tu. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Huenda baadhi yenu mnajiuliza, Karani ana neno gani la kuwaambia walimu? Jibu langu ni kwamba ninyi ndinyi mpandao, na sisi wa ofisini, pamoja na wazazi na nchi nzima, ndio tuvunao. Mvunaji hana haki ya kumfundisha mkulima namna ya kushika jembe, lakini aweza kumwambia jinsi mavuno yalivyo.

Nimeombwa niseme juu ya namna mwalimu awezavyo kuamsha hamu ya kweli katika wanafunzi wake. Kwa fikira zangu hamu hiyo haitoki kwa mwalimu. Mtoto huja nayo kutoka nyumbani, imo ndani ya maswali yake; na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kutoizima.

Sote twaijua desturi ya madarasa yetu. Mwalimu akiisha kueleza huuliza, "Mmeelewa?" Na watoto wote hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Mgeni apitaye dirishani hufurahi, akidhani kwamba darasa hilo lina usikivu mwingi. Walakini katika watoto hao, pengine nusu hawakuelewa cho chote, na walio werevu kuliko wote wana swali ambalo hawathubutu kulitoa. Ile "ndiyo" ni adabu, wala si elimu.

Niwieni radhi nikieleza habari zangu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la nne, katika shule ya misioni, mwalimu wetu alitufundisha habari za mvua: kwamba jua hupasha moto maji ya bahari, maji hupanda juu kama mvuke, huwa mawingu, kisha hunyesha. Nikainua mkono nikauliza, "Mwalimu, kama mvua yatoka baharini, mbona haina chumvi?" Mwalimu akanitazama, akasema, "Nenda ukailambe bahari, kisha urudi utuambie." Darasa zima likacheka. Tangu siku ile niliitwa Bwana Chumvi mpaka nilipomaliza shule, wala sikuinua mkono tena kuuliza lo lote. Nilishika masomo, nilishinda mitihani, na vyeti ninavyo. Lakini nilijifunza pia jambo lisilokuwamo katika vitabu, yaani kwamba mtu mwenye akili hanyamazi kwa kuwa ameelewa, bali hunyamaza asije akachekwa.

Somo hilo nalo lilizaa matunda. Nilipoanza ukarani nilipewa daftari ya malipo ya wakulima wa kahawa. Karani mkuu alinieleza mara moja, kwa haraka, jinsi ya kupunguza uzito wa gunia tupu, ambao ni karibu kilo moja, ili mkulima alipwe kwa uzito wa kahawa peke yake. Akaniuliza, "Umeelewa?" Nami nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Sikuelewa. Sikujua kama mpimaji alikuwa amekwisha kuupunguza uzito ule kabla ya kuniletea hesabu, na kumbe alikuwa amekwisha kuupunguza. Basi kwa muda wa miezi miwili nikaupunguza mara ya pili, na kila mkulima akapoteza kilo moja katika kila gunia.

Aliyenigundua ni bibi mmoja mzee asiyejua kusoma. Alikuja kwa miguu, amefunga punje za mahindi katika pindo la kanga yake. Akazimwaga mezani kwangu akasema, "Mwanangu, mpimaji alinitajia hesabu nami nikaifunga hapa. Mjukuu wangu amenisomea cheti chako, nacho kimepungua kilo 6. Magunia yangu yalikuwa 6. Je, gunia hupimwa mara ngapi?"

Mabwana na Mabibi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wakulima walirudishiwa haki yao, nami nikasamehewa kwa kuwa sikuiba. Lakini neno moja halinitoki moyoni: yule bibi ambaye hakuingia darasani hata siku moja aliweza kuuliza, na mimi niliyekaa darasani miaka mingi sikuweza. Wazee walisema, Kuuliza si ujinga; mimi shule ilikuwa imenifundisha kinyume chake.

Labda mtasema kwamba hayo ni mambo ya karani mmoja mwoga. Basi nitawapa habari ya mwanafunzi mwingine, ambayo inajulikana ulimwenguni. Mwaka 1963 kijana mmoja, jina lake Erasto Mpemba, alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Usambara. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa ndogo, na Mpemba akaogopa kuikosa, hata akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha, hayajaganda.

Akamwuliza mwalimu wake sababu. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akasema kwamba hiyo labda ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu hapo kila alipokosea hesabu aliambiwa kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mwaona kwamba Bwana Chumvi alikuwa na ndugu.

Lakini Mpemba alikuwa na moyo kuliko mimi. Alichukua vyombo viwili, kimoja cha maji baridi na kimoja cha maji ya moto, akavijaribu mwenyewe. Kisha akaja mgeni shuleni, Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya watu wote, na wenzake wakacheka kama kawaida. Dokta Osborne naye alistaajabu, wala hakuamini mara moja. Walakini hakumdharau kijana. Alisema kwamba atakwenda kulijaribu. Likajaribiwa Dar es Salaam, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na mpaka leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba katika vitabu vya dunia. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliweka zawadi kwa atakayelieleza vizuri, na majibu zaidi ya 20,000 yakapelekwa. Mwaka 2016 wataalamu wengine walipima tena, wakatia shaka kama jambo lenyewe ni la kweli. Basi hata leo swali la mwanafunzi yule bado lawapa wenye elimu kazi ya kufanya.

Tazameni jinsi mgeni yule alivyofanya. Kwanza, alisikiliza swali mpaka mwisho. Pili, hakuona haya kutojua jibu. Tatu, alilifanya swali kuwa kazi, likapimwa. Mambo hayo matatu hayahitaji fedha wala jengo jipya. Sufuria moja, kijiko cha chumvi, moto na kifuniko vingelitosha kunijibu mimi siku ile: maji ya chumvi yakichemka, matone yashikayo kifuniko hayana chumvi, na chumvi hubaki chini. Darasa zima lingeionja mvua kwa ulimi, wala lisingeisahau.

Tena, njia hii si ngeni kwetu. Nani kati yetu hakukaa jioni karibu na moto wa bibi yake? Bibi husema, "Kitendawili!" na watoto wote huitika, "Tega!" Hapo hata mtoto mwenye usingizi hufumbua macho. Bibi hatoi jibu kwanza. Hutoa fumbo, kisha hungoja. Kila mtoto hujaribu, na akosaye hachapwi wala hapewi jina la aibu. Wakishindwa wote humpa bibi mji, naye huukubali kwa furaha, kisha huwafumbulia. Mwalimu naye aweza kutega. Hapa kwetu Tanzania, simamisheni kijiti uwanjani wakati wa adhuhuri mwezi wa Juni. Kivuli chake huelekea kusini. Rudieni mwezi wa Desemba. Kivuli huelekea kaskazini. Waulizeni watoto, Nani amekigeuza? Waacheni wakisie, wabishane, wapime, na ndipo mwafundishe safari ya dunia kuzunguka jua.

Tena, kungoja ni kazi ya mwalimu. Mwalimu mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili katika miaka ya 1970. Aliona kwamba walimu wakiisha kuuliza swali hungoja karibu sekunde moja tu, kisha humwita mwingine au hujijibu wenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, na wengi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 ni pumzi moja tu.

Najua mtakayonijibu. Mtasema, Darasa lina watoto themanini, muhtasari ni mrefu, na mtihani haungoji. Ni kweli, nami siwalaumu. Lakini hata watoto themanini waweza kugeukiana wawili wawili, wakaulizana kwa muda wa dakika mbili, kisha jozi chache zikasema. Mwaweza kuweka kopo mlangoni, ambamo kila mtoto hutia swali lake kwa karatasi, na kila Ijumaa mkajibu matatu. Na ye yote akosaye jibu, msimwambie tu, "Kaa chini", mwulizeni, "Umefikaje hapo?" Mara nyingi mtaona kwamba kosa lake ni la watoto ishirini wengine walionyamaza.

Wengine watasema kwamba mtoto akizoea kuuliza atakosa adabu. Hasha. Mtoto aulizaye kwa heshima na kujibiwa kwa heshima humpenda mwalimu wake. Ni yule aliyenyamazishwa ambaye humcheka akiwa nyuma yake. Mwalimu Nyerere, ambaye naye alishika chaki kabla ya kushika nchi, aliandika mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea. Miongoni mwa mambo aliyotaka shule imjenge nayo mtoto, alitaja akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wengine bila ya kuiga tu. Nchi ya watu huru haiwezi kuendeshwa na watu wajuao "Ndiyo, Bwana" peke yake.

Basi, ndugu zangu walimu, sina mengi zaidi. Kesho asubuhi mtaingia darasani. Katika kona mojawapo atakuwapo mtoto ambaye swali limemkaa kooni, naye anawatazama nyuso zenu apate kujua kama mahali hapo ni salama. Akiinua mkono, nawasihi mweke chaki chini, mmsikilize mpaka mwisho. Na kama hamjui jibu, semeni, "Sijui, mwanangu, tulitafute pamoja." Maneno hayo hayatawapunguzia heshima hata kidogo.

Yule bibi mzee alipokwisha kulipwa haki yake alizikusanya punje zake, akazifunga tena katika pindo la kanga. Nikamwuliza kwa nini hazitupi, maana hesabu imekwisha. Akacheka akasema, "Mwanangu, msimu ujao nitazihitaji." Tangu siku ile, kila karani mpya aletwapo mezani kwangu, simwulizi tena kama ameelewa. Namwambia, "Niulize." Naye akikaa kimya, nangoja.